Kifutio

1

Mimi ni mtu wa adabu, na adabu yangu ndiyo iliyomuua Leokadia. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya tatu, msibani kwake, saa sita mchana, nusu ya mwili kivulini na nusu juani kwa sababu turubai halikututosha.

Tulikuwa wawili kutoka kituoni: mimi, Elinata Mkumbo, mtaalamu wa maabara, na Daktari Fidelis, mkuu wa mradi. Wafiwa walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Walitaka tukae mbele pamoja na walimu wenzake wa marehemu, tukakataa, kila mmoja kwa sababu zake.

Leokadia alikuwa mwalimu wa hisabati, miaka ishirini na tisa, mwenye kisukari tangu utotoni. Siku sabini na moja kabla ya kifo chake tulimdunga tishu yetu kwenye mguu wa kushoto, ambao vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi. Mguu ukarudi. Vidole vikapata joto, kidonda kikafunga, akarudi kusimama mbele ya ubao. Kisha Jumanne moja asubuhi, akiwa anaandika milinganyo, alishika kifua, akakaa chini taratibu, akafa mbele ya kidato cha pili. Bonge la damu lilikuwa limekatika kwenye mishipa mipya tuliyomwoteshea na kwenda kuziba mapafu. Kwa nini, hatukujua. Tulikuwa tumepima kila kitu tulichoruhusiwa kupima.

Msemaji wa familia akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Nani husikiliza wasifu? Muda huo watu huutumia kuangalia nani amekuja na nani hakuja. Mimi pia nilikuwa natazama viatu vyangu, mpaka sikio likanasa.

"...Marehemu alizaliwa akiwa mtoto pekee wa Petronila, ambaye alifariki siku tisa baada ya kujifungua. Hivyo marehemu akachukuliwa na mama yake mkubwa, Bibi Anastazia, aliyemlea na kumsomesha mpaka chuo..."

Bibi Anastazia alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga kichwani, ameshikwa na wanawake wawili. Nilimfahamu vizuri. Tumboni kwake ndipo nilipochukua mafuta ya kutengenezea tishu ya Leokadia, kwa mikono yangu hii. Na kwenye fomu nilikuwa nimeandika: mtoaji ni mama.

Nilimgusa Daktari Fidelis kiwiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, bila kugeuka.

Tulibaki mpaka mchanga wa mwisho, maana mtu haondoki mazikoni katikati. Nilipita kwa Bibi Anastazia kumpa mkono, akanivuta, akanikumbatia, akanishukuru kwa yote niliyomfanyia mwanawe.

2

Nieleze kazi yetu, maana bila hivyo kosa langu litaonekana dogo.

Tishu yetu ni ya kudungwa. Ukiiona kwenye bomba la sindano ni kitu cheupe, kizito kidogo, ndiyo maana watu wa Singida wanaiita uji, na mtu akikuambia amedungwa uji huna haja ya kuuliza zaidi. Ndani ya huo uji mna jeli, na ndani ya jeli mna seli hai zilizochukuliwa kwenye mafuta ya mtu mwingine na kufundishwa, pale maabara, kuwa mishipa ya damu. Tunaudunga kwenye nyama ya mguu ambao damu imeacha kuufikia. Seli zinashikana, zinajipanga kuwa mirija, zinatafuta ateri iliyo jirani na kujiunga nayo. Siku ya ishirini mguu unapata joto. Siku ya arobaini mgonjwa anatembea na kuanza kutusahau, na sisi hivyo ndivyo tunavyopenda.

Seli za mgonjwa mwenyewe hazifai, kisukari kimeshazichosha. Za mtu baki mwili unazikataa. Ila za mama mzazi zinapokelewa. Mtoto akiwa tumboni hupitiwa na seli za mama yake miezi tisa, na mwili wake hujifunza kuziacha zipite, na somo hilo haulisahau hata akifika uzee. Huo ndio msingi wa mradi mzima: tunamtafuta aliyekubeba. Awe amekulea au amekutupa jalalani, mwili haujali.

Seli za mama mdogo au mama mkubwa zinafanana na za mama kiasi cha kumdanganya hata mtaalamu, lakini hazijawahi kukaa nawe. Jeli huzificha siku hamsini, sitini. Jeli ikishayeyuka yote, kinga ya mwili inazikuta waziwazi na kuanza kuzishambulia, nazo wakati huo zimeshaungana na ateri, damu inapita ndani yake. Mshipa unaoshambuliwa hugandisha damu. Bonge likikatika linakwenda linakotaka. Dawa za kuituliza kinga zipo, lakini mpe mtu mwenye kisukari na kidonda, uone kama atamaliza mwezi.

Kipimo cha kujua nani kamzaa nani kinachukua dakika nne. Ninacho mezani. Nikikitumia bila saini za pande zote mbili nakwenda jela miaka mitano kwa Sheria ya Nasaba, na sheria hiyo siilaumu. Ilikuja baada ya ile miaka ambayo kipimo kiliuzwa madukani rafu moja na sabuni, watu wakapimana kama mchezo, na nyumba zikabomoka. Mtaani kwetu peke yake wanaume wawili walijinyonga. Bunge likaamua nasaba ya mtu aulizwe mwenyewe. Na kumwomba mtu saini ya kipimo ilishakuwa sawa na kumtukania mama, kwa hiyo hatukuomba. Tuliuliza kwa fomu.

Fomu niliitunga mimi. Swali la nne lilikuwa: Je, mtoaji ni mama yako mzazi? Wiki ya kwanza mama mmoja akanijibu, "Mzazi tena? Kwani yupo wa kukodi?" Watu wakacheka. Wiki ya pili mwingine aliinuka na mwanawe wakaondoka bila tiba, amefura kwa hasira, anasema tunamfanya mwizi wa watoto. Nilijisikia vibaya sana. Nilivyolelewa mimi, mama mdogo ni mama, mama mkubwa ni mama, na ukianza kuwachambua nani alikuzaa na nani hakukuzaa utaulizwa umejifunza wapi ubaguzi huo. Nikaifungua fomu, nikaweka kidole juu ya neno mzazi, nikalifuta. Herufi tano. Swali likabaki: Je, mtoaji ni mama yako? Baada ya hapo hakuna aliyekasirika. Wote walijibu ndiyo, na wote walisema kweli.

"Ulifuta wewe?" Daktari Fidelis aliniuliza jioni ya mazishi, tukiwa ofisini, matope ya makaburini bado kwenye viatu.

"Nilifuta mimi."

"Hukuniambia."

"Niliona ni suala la lugha tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake kwa muda mrefu. Si mtu wa kufoka. Ningependa angefoka.

"Waliodungwa ni thelathini na saba," akasema. "Wamebaki thelathini na sita. Wapigie wote. Uliza kwa neno lake kamili."

"Na atakayesema si mzazi?"

"Si unajua? Kifutio."

Kifutio ni vidonge viwili vidogo vya rangi ya majivu. Kila seli tunayoitengeneza tunaitia kufuli, na dawa hiyo ndiyo ufunguo wake. Ukivimeza, kwa siku mbili tishu yote inakufa kimya kimya kabla vita na kinga havijapamba moto, na hatari ya bonge inakwisha. Lakini damu nayo inakatika, kwa sababu mishipa ya zamani ilishakufa kabla hatujaja. Mguu unarudi kuwa maiti, safari hii wote kwa pamoja, na lazima ukatwe juu ya goti.

Nilipiga simu siku tatu. Thelathini na wawili walikuwa na mama wazazi, wengine wakinitukana kidogo, nikapokea. Watatu walisema hapana. Wale watatu walikuja, wakaelezwa, wakatia saini, wakameza, wakakatwa. Mmoja wao, dereva wa kreni, aliniuliza kama mguu naweza kumpa akauzike kwao. Habari zikasambaa haraka kuliko sisi: ukisema hakukuzaa, unakatwa mguu.

Wa thelathini na sita alikuwa Idrisa Nkungu wa Itigi, mrina asali. Nilimuuliza kwa neno lake kamili.

"Mama ni mama, dada," akasema, na simu ikakatwa.

3

Nilimkuta juu ya mti. Mtu ambaye miezi miwili nyuma aliingizwa kituoni kwetu amebebwa mgongoni, sasa alikuwa juu ya mninga, kimo cha nyumba, mguu wa kulia ameukita kwenye tawi, anafunga mzinga kwa kamba. Ule wa kulia ndio tuliomtibu. Nilisimama chini nikimtazama.

"Daktari!" akapaza sauti. "Simama mbali na hapo, nyuki wangu hawajui wageni."

"Mimi si daktari, kaka Idrisa. Shuka taratibu."

"Mguu huu? Una siku hamsini na nane tu duniani. Ni mtoto, unapenda kupanda."

Akashuka kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mashavu yamerudi. Simu yake ikalia kifuani, akaitazama, akaniambia mzinga namba kumi na nne umeongezeka nusu kilo tangu asubuhi. Kila mzinga aliuwekea kidude cha kupima uzito. Alikuwa nayo mizinga tisini, yote juu ya miti, maana ya chini huliwa na nyegere. Njiani kwenda nyumbani alinitangulia, nikawa nautazama mguu ukikanyaga. Niliona fahari. Naona aibu kuisema lakini niliiona.

Bi Mwajabu, ambaye fomu ya Idrisa ilimtaja kuwa mama yake na mtoaji, alikuwa uani anapepeta alizeti. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Mbona ghafla? Kuna usalama?"

Hapo nilifanya kosa la pili, na nalo lilikuwa la adabu. Nilitakiwa kumwomba Idrisa tuongee pembeni. Lakini unaanzaje kumwondoa mwanamke kwenye ua wake mwenyewe, tena aliyekuwekea kigoda na bado hujakikalia? Nikakaa. Nikaeleza yote, mbele yao wote wawili: Leokadia, jeli, kinga, bonge. Nikasema kwamba mwenye tishu isiyotoka kwa aliyemzaa, kwa hesabu zetu, kati ya watatu mmoja atakufa, na hatujui ni yupi. Kisha nikauliza.

"Kaka Idrisa, huyu ni mama yako mzazi?"

Aliyatazama mabega ya Bi Mwajabu, si uso wake.

"Huyu ndiye mama yangu," akasema.

"Neno ninalouliza ni mzazi."

"Nimelisikia."

"Nimemzaa mimi," Bi Mwajabu akadakia. "Mungu ananiona. Andika hivyo."

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika. Nikamwomba Idrisa anyooshe mguu, nikapaka mafuta kwenye kipaza changu cha kusikilizia mishipa na kukiweka nyuma ya goti. Mshipa wetu ukiwa mzima unasikika vizuri, shwii, shwii, kila pigo la moyo. Huu ulikuwa na mkwaruzo ndani yake. Nilisogeza kipaza mara tatu, na mkwaruzo ukawa palepale. Sote watatu tuliusikia.

"Labda ni betri," akasema Idrisa.

"Si betri, kaka."

Akakunja suruali chini, akainuka. "Mrina asali wa mguu mmoja ni muuza asali za wenzake. Nimekusikia, dada, na nakushukuru kwa kuja. Wewe umeuliza, mimi nimejibu. Ngoja nikakutilie asali ya kuondoka nayo." Akaingia stoo.

4

Bi Mwajabu alinisindikiza kuelekea kwenye gari, kama mgeni anavyosindikizwa. Tulipofika kwenye uzio wa miba alisimama. Kutoka hapo tulimwona Idrisa kupitia mlango wa stoo, ameinama kwenye madumu.

"Alizaliwa na dada yangu Mwanaidi," akasema, haraka, kama anayetua mzigo. "Ijumaa alizaa, Jumapili tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaguswa na mume. Nilimweka titini likiwa kavu, siku kumi na moja, analia na mimi nalia, mpaka maziwa yakatoka. Yalitoka, mwanangu. Kwa hiyo usiniambie sikumzaa."

"Sisemi hivyo, mama."

"Hajui. Tulihama Kilimatinde kwa sababu hiyo, asije akaambiwa na mtu."

"Mwambie leo. Mwambie wewe, kisha achague mwenyewe. Ni haki yake."

"Atachagua mguu." Alisema bila kusita. "Nimemlea, namjua. Hata akijua yote atachagua mguu, kisha atafia juu ya mti, na mimi nitakuwa nimemkosa mara mbili. Hiyo dawa unayo hapo?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Aliuona.

"Nipe. Nitamtilia kwenye chai. Utasema tiba imeshindwa yenyewe. Si zinashindwa?"

"Mama, hiyo si haki. Ni mwili wake."

"Na mazishi yatakuwa ya nani?"

Nataka niseme kwamba nilifikiri sana. Nilisimama pale labda dakika moja. Nilimfikiria Leokadia na chaki yake. Nilifikiri kwamba nikirudi ndani na kumwambia Idrisa kweli, nitakuwa nimevunja nyumba hii kwa mdomo wangu, na huenda asinywe vilevile, akafa, na mama huyu akabaki na kaburi na aibu. Nikinyamaza na kuondoka, nitakuwa nasubiri simu kila asubuhi. Njia ile ya tatu ilikuwa na mguu mmoja tu wa kulipa. Nilihisi huruma, na huruma ile niliiamini. Nilimwekea Bi Mwajabu vidonge viwili kiganjani, yeye akakifunga kiganja.

"Huwezi kuondoka mdomo mtupu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi stoo. "Rudi tunywe chai."

Tulikunywa chai uani, sisi watatu, saa tisa alasiri. Ilikuwa chai ya rangi, imetiwa asali nyingi mno. Idrisa alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akaonja, akasita kidogo, ulimi ukafanya kazi ndani ya mdomo. Akamtazama mama yake. Bi Mwajabu alikuwa anakoroga kikombe chake ambacho kilishakorogeka zamani. Idrisa akanywa mpaka chini, akaweka kikombe mkekani, akasema asante mama.

Nilimwambia dereva tulale Itigi. Nilimdanganya kwamba gari halina chaji ya kutosha.

5

Mguu ulianza kuwa wa baridi kesho yake adhuhuri. Keshokutwa tulikuwa Singida. Siku ya tano, baada ya upasuaji, niliingia wodini na karatasi za kufungia jalada, nikafunga mlango. Safari hii nilihakikisha tuko peke yetu. Bi Mwajabu alikuwa amekwenda kuchukua chai kantini.

Idrisa alikuwa ameegemea mito. Shuka upande wa kulia lilikuwa limelala bapa kuanzia katikati ya paja. Nilimpa pole, akaitikia. Kisha nikasema nilichokuwa nimekifanyia mazoezi, kwamba kuna wakati tishu hushindwa yenyewe bila sababu kujulikana.

"Dada Elinata," akanikatiza. "Kazi yangu ni asali. Nikiweka ulimini nakuambia nyuki walitua kwenye ua gani. Unadhani chai yako ilinipita?"

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa.

"Na jambo la pili. Mama si mama mzazi, najua. Nilijua nikiwa darasa la sita. Shule walitaka cheti cha kuzaliwa, nikafungua sanduku lake nikakikuta. Kinasema Mwanaidi. Nikakirudisha kilivyokuwa. Nilimwona alivyohangaika kunificha, nikaona kama anataka nisijue, basi sijui."

"Kwa nini hukuniambia pale?"

"Uliniuliza mbele yake."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitoroli cha vyombo. Tulisubiri kipite.

"Lakini ulinywa," nikasema. Naomba nieleweke: nilikuwa natafuta mahali pa kushika. "Ulihisi ladha, na uliniona, na bado ulinywa yote. Kwa hiyo ulikubali."

"Sikukubali." Hakupandisha sauti. "Nilikunywa chai ya mama. Tangu nizaliwe sijawahi kutema alichonipa, na sikuanza siku ile. Usiichukue hiyo ukaifanya saini."

"Ningekuuliza peke yako, ungesemaje?"

Alilifikiria. Alilitendea haki lile swali kuliko mimi nilivyomtendea yeye.

"Hapo ndipo uliponiua," akasema. "Nimelala hapa siku mbili najiuliza. Naona ningekataa, ningepanda miti yangu hata mwezi mmoja, nife nikiwa mzima. Halafu namfikiria yeye, naona ningekunywa mwenyewe na kumshika mkono. Sijui. Ilikuwa ya kujua siku ile, nikiwa na mguu. Sasa hata mimi siwezi kujua."

Nililia. Hakuninyamazisha, na sikustahili kunyamazishwa. Nilipomaliza alinyoosha mkono.

"Lete karatasi."

Fomu ya kufungia jalada ina maswali matatu. Matokeo yake huingia kwenye takwimu za mradi, na takwimu hizo ndizo zitakazoamua kama wale thelathini na wawili wataendelea na miguu yao, na kama wengine watadungwa. La kwanza nilikuwa nimelirekebisha wiki ile: Jina la mama mzazi. Alishika kalamu muda mrefu juu ya mstari ule. Angeandika Mwajabu, ningegonga muhuri, na kila daktari atakayesoma angeamini kwamba hata tishu ya mama mzazi inamgeuka mtu. Nilikuwa nimeshaamua kumwomba asiandike hivyo, lakini hakunipa nafasi. Akaandika Mwanaidi binti Issa, marehemu, kwa herufi ndogo sana.

La pili: Je, umetumia kifutio kwa hiari yako? Akaweka alama kwenye hapana, akaikoleza mara mbili.

La tatu: Kama si kwa hiari, aliyekupa ni nani? Akanirudishia kalamu.

"Hapo andika wewe," akasema. "Na uandike jina moja tu."

Nilimwelewa. Niliandika Elinata Mkumbo, kituo cha Singida, na tarehe. Nilijua karatasi ile itafika kwa Daktari Fidelis kabla ya saa kumi, na kwa polisi kabla ya Ijumaa.

Mlango ukasukumwa kwa nyonga. Bi Mwajabu aliingia na chupa ya chai kwapani na vikombe vitatu vimepangana. Alikuwa amekonda kwa siku tano. Macho yake yalikwenda kwenye shuka bapa, yakakimbia, yakafika kwenye karatasi.

"Mnaandika nini?"

"Wanataka jina lako, mama," akasema Idrisa. "Nimewaandikia."

Niliikunja karatasi nikaiweka kwenye jalada. Bi Mwajabu akamimina. Cha kwanza alimpa mwanawe, naye akakipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kuonja. Cha pili akaninyooshea mimi.

"Kunywa, mwanangu. Umekuwa mwema sana kwetu."

Nikanywa.